Kivuli Kama Pazia Ndani ya Jicho

SWALI: Daktari, nina miaka 56, na tangu utotoni navaa miwani kwa kuwa sioni vya mbali. Juzi jioni nilianza kuona mimweko kama ya radi pembeni mwa jicho la kushoto, kisha vijidoa vyeusi vinavyoelea, na leo asubuhi kivuli kimepanda kutoka chini kama pazia. Jicho haliumi wala si jekundu. Je, naweza kusubiri kliniki yangu ya wiki ijayo?

JIBU: Barua yako haikuweza kungoja toleo hili, ndiyo maana mhariri alikupigia simu siku ileile akakuhimiza uende kwa daktari bingwa wa macho, hapa ninaeleza sababu kwa ajili ya wengine, maana wengi huponzwa na huko kutoumwa. Retina, yaani utando unaopokea mwanga nyuma ya jicho, haihisi maumivu. Umri unapopanda, ute unaojaza jicho husinyaa na kuuvuta utando huo, na ndipo mimweko huonekana. Utando ukichanika, majimaji hupenya kwenye mpasuko na kuubandua. Wasioona mbali wamo katika hatari zaidi, na vilevile waliopata jeraha la jicho au waliofanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho.

Kwa kuwa taswira hupinduka ndani ya jicho, kivuli kinachotokea chini huonyesha kwamba utando umebanduka upande wa juu, ambako majimaji hushuka upesi kuelekea kitovu cha retina, tunachokitumia kusoma na kutambua sura za watu. Ziba jicho lisilo na kivuli: ikiwa lile lenye kivuli bado linasoma ukurasa huu, hiyo ni sababu ya kukimbia, si ya kutulia, maana uoni huokoka vizuri zaidi kitovu kikiwa hakijabanduka, na tofauti yaweza kuwa ya saa chache.

Matone ya duka la dawa hayasaidii. Usifikiche jicho, usiendeshe gari, na mweleze daktari ulikula lini mara ya mwisho, kwani huenda ukahitaji dawa ya usingizi ya upasuaji.

Mpasuko peke yake huzibwa kwa leza au kwa kugandishwa kwa baridi kali. Utando uliokwisha kubanduka huhitaji upasuaji, na mara nyingi kiputo cha gesi huachwa ndani kuushikilia, nawe utaelekezwa namna ya kulaza kichwa kwa siku kadhaa. Usipande ndege mpaka gesi hiyo iishe, kwa sababu huko angani hutanuka na kuliharibu jicho kwa shinikizo.