Maswali ya Wasomaji: Ufa Huzibwa Machi, Si Aprili

SWALI: Mhariri, sisi ni marafiki sita wa Buruburu tunaofuatilia kandanda ya Marekani, ile ya NFL, na kila Aprili huamka saa tisa usiku wa kuamkia Ijumaa kutazama drafti, ambapo timu huchagua wachezaji chipukizi wa vyuo kwa zamu. Kabla ya usiku huo kila mmoja wetu huandika kwenye daftari ni timu gani itamchukua mchezaji gani, na anayekosea zaidi huwanunulia wenzake nyama choma. Mwaka 2024 niliichambua Atlanta Falcons, nikaona imepungukiwa na watu wa kumwandama kwotabeki wa wapinzani (yule anayeongoza mashambulizi na kurusha mpira), nikaandika kwamba zamu yao ya 8 ingekwenda kwa mlinzi. Wakachukua kwotabeki, ilhali walikuwa wamemsajili mwingine mwezi mmoja tu kabla! Tumelelewa tukiambiwa kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Je, hawa hawauoni ufa wao?
Mlipaji wa nyama, Buruburu

JIBU: Ufa wanauona, tena kabla yako. Kilichokupotosha ni mwezi. Katika NFL ufa huzibwa Machi, soko la wachezaji huru, yaani waliomaliza mikataba, linapofunguliwa, kwa kuwa wakati huo timu inaweza kumnunua mtu aliyekwisha kukomaa na kumtumia msimu uleule. Timu iliyofanya kazi yake vizuri hufika Aprili bila shida ya haraka, ikawa huru kumchagua mchezaji itakayemhitaji baadaye. Kijana anayechaguliwa hutia saini mkataba wa miaka minne, na akiwa wa raundi ya kwanza, timu ina haki ya kumwongezea mwaka wa tano. Basi ukitaka kutabiri, usiulize nani anakosekana leo. Uliza nani atakuwa ameondoka, amezeeka au amekuwa ghali mno baada ya misimu miwili.

Hebu tuwarudie Falcons hao. Machi 2024 walimpa Kirk Cousins mkataba wa miaka minne ambao thamani yake ingeweza kufika dola milioni 180. Wewe ulisoma habari hiyo ukapiga mstari: nafasi ya kwotabeki imejaa. Lakini Cousins alikuwa na umri wa miaka 35, na Oktoba iliyotangulia, akiwa bado Minnesota Vikings, alikuwa amekatika kano ya kisigino. Kwa hesabu ya miaka miwili mbele, nafasi hiyo ilikuwa wazi kabisa, ndiyo maana wakamchagua Michael Penix Jr. Wengi waliwacheka usiku ule, nami nakiri nilikuwa miongoni mwao. Kabla Desemba haijaisha Cousins alikuwa amekalishwa benchi na Penix ndiye aliyekuwa akianza mechi.

Kansas City Chiefs walifanya jambo la namna hiyohiyo mwaka 2017. Walikuwa na Alex Smith, kwotabeki aliyekuwa akiwafikisha kwenye mechi za mtoano, na zamu yao ilikuwa ya 27. Wakawapa Buffalo Bills zamu hiyo, nyingine ya raundi ya tatu, na ya raundi ya kwanza ya mwaka 2018, ili wapande hadi ya 10 na kumchukua kwotabeki Patrick Mahomes. Msimu huo Mahomes alicheza mechi moja tu. Mtu aliyetabiri kwa kutazama mapengo asingeweza kuliwaza hilo hata kwa bahati.

Jambo la pili ni pesa, na hapa ndipo watabiri wengi wa mitaani huteleza. Kila timu ina kikomo cha mishahara, ambacho mwaka 2024 kilikuwa dola milioni 255.4. Tangu makubaliano ya mwaka 2011 kati ya ligi na chama cha wachezaji, mshahara wa mchezaji mpya hupangwa kwa kufuata zamu aliyochaguliwa, bila kujali anacheza nafasi gani. Maana yake ni kwamba kwotabeki na mlinzi wa katikati waliochaguliwa katika zamu moja hulipwa takriban sawa, ingawa sokoni kwotabeki mzoefu hulipwa mara kadhaa ya mwenzake. Kwa hiyo zamu za mwanzo huenda kwenye nafasi ambazo ni ghali sokoni: kwotabeki, wanaomkinga pembeni, wapokeaji wa mpira, na wale wanaomwandama kwotabeki kutoka ukingoni. Mwaka 2024 makwotabeki sita walichukuliwa katika zamu 12 za kwanza, na zamu 14 za kwanza zote zilikwenda kwa wachezaji wa upande wa mashambulizi. Mlinzi wa kwanza alichukuliwa na Indianapolis Colts katika zamu ya 15. Ndugu yangu, ulipomwandika mlinzi kwenye zamu ya 8, ulikuwa ukishindana na soko zima.

Chukua basi ukurasa mtupu wa daftari lenu, upige safu tatu: jina la mchezaji anayeanza, umri wake, na mwaka ambao mkataba wake unakwisha. Penye zaidi ya miaka 30 na mkataba unaokwisha karibuni, tia alama. Kisha zungushia duara zile alama zilizoangukia nafasi ghali. Mara nyingi utabaki na duara mbili au tatu, na nafasi watakayoijaza imo humo. Tazama pia kama kocha yuko salama kazini, maana anayehofia kufutwa huchagua wa kumsaidia Septemba, msimu unapoanza.

Zamu zenyewe nazo hazikai mahali pamoja. Mwenye rekodi mbaya zaidi huchagua kwanza na bingwa huchagua wa 32, lakini huo ni mpangilio wa kuanzia tu. Mwaka 2023 Chicago Bears waliwauzia Carolina Panthers zamu ya kwanza, wakapata mpokeaji DJ Moore pamoja na zamu nne, mojawapo ikiwa ya raundi ya kwanza ya 2024. Panthers wakashinda mechi 2 na kupoteza 15, na zamu ile ikawa tena ya kwanza kabisa, Bears wakamchukua Caleb Williams.

SWALI: Je, Mkenya ambaye hajasoma chuo cha Marekani anaweza kuingia NFL?
Msomaji wa Kasarani

JIBU: Anaweza, ingawa kwa kawaida haingii kwa drafti. Baada ya raundi ya 7, yeyote ambaye hakuchaguliwa huwa huru kusajiliwa na timu yoyote. Daniel Adongo, Mkenya mcheza raga, alisajiliwa na Colts mwaka 2013 bila kupitia drafti, akafunzwa ulinzi, na akacheza mechi chache za ligi.