Unanyonyesha na jino linauma? Usisubiri kuachisha

Wiki iliyopita msomaji mmoja wa Mbeya aliniandikia ujumbe mrefu. Ana mtoto wa miezi minne, gego limetoboka, usiku halali. Nyumbani ameambiwa kwamba mtoto ndiye anayemmaliza meno kwa kunyonya, na kwamba haruhusiwi kuziba wala kung'oa mpaka amwachishe ziwa. Nilimjibu palepale. Ila maneno hayohayo niliambiwa na mimi, yakaniondolea jino, kwa hiyo nayaandika hapa kwa ajili ya wengine.

Mtoto wangu wa kwanza nilimzalia Dar es Salaam, mama mkwe akaja kutoka Moshi kuniangalia. Alinitunza vizuri, Mungu ambariki. Asubuhi mtori, mchana supu, na usiku chupa ya uji wa ulezi kando ya kitanda, sukari haikosi, maana maziwa lazima yatoke na mama anayenyonyesha njaa haimwishi. Mtoto akiamka saa nane, namnyonyesha huku nakunywa uji. Saa kumi hivyohivyo, kisha tunalala. Nani angenikumbusha mswaki saa ile?

Gego la chini lilianza kwa kushtuka nikinywa maji baridi. Nikaenda zahanati. Mhudumu akaniuliza kama nanyonyesha, nikasema ndiyo, akanirudisha nyumbani: "Achisha kwanza, mama, ganzi itaingia kwenye maziwa." Nikaishi kwa karafuu na maji ya chumvi. Siku shavu lilipovimba ndipo nilipofika kwa daktari wa meno, naye akasema jino lile lilikuwa la kuziba, sasa limebaki la kung'oa. Akaling'oa kwa ganzi ileile niliyokatazwa, na nikanyonyesha siku hiyohiyo kwenye benchi la wagonjwa. Kinyongo bado ninacho, sifichi. Jino la mtu mzima likitoka halioti lingine.

Sasa nisikilize, dada yangu. Maziwa hayachukui kalsiamu kwenye meno. Mwili wa mama anayenyonyesha hukopa kalsiamu kidogo kwenye mifupa, na mtoto akishaacha ziwa mifupa hurudishiwa. Kwenye jino mwili haukopi. Kinachotoboa ni bakteria walio kwenye ukoga: wanakula sukari, wanatoa tindikali. Kila unapokunywa kitu cha sukari, tindikali hiyo hukaa nusu saa au zaidi kabla mate hayajaituliza, na ukiwa usingizini mate yenyewe hupungua. Kwa hiyo uji ule wa saa nane na wa saa kumi ndio unaokula gego, mtoto hana kosa. Ongeza matapishi ya miezi ya mwanzo ya ujauzito, ambayo nayo ni tindikali, na fizi zinazovimba na kutoa damu kwa sababu ya homoni. Jino linaanza kuharibika kabla hata hujajifungua.

Kuhusu dawa: ganzi ya lignokaini anayochoma daktari wa meno haimzuii mama kunyonyesha. Parasetamoli, ibuprofeni na amoksilini hutumiwa na wanaonyonyesha. Eksirei ya jino haigusi maziwa. Kodeini, dawa kali ya maumivu, ndiyo ya kukataa, kwa sababu inaweza kumlevya mtoto hadi apumue kwa shida. Ukifika tu, mwambie daktari unanyonyesha, achague dawa akijua. Lakini nenda. Ukirudishwa, nenda kwingine.

Mtoto wa pili nilimnyonyesha miaka miwili kamili. Akiwa bado mchanga nilizibwa jino, na leo sijapoteza lingine. Naringa nalo. Uji wa usiku niliufanya usiwe na sukari, na mswaki niliuweka na kikombe cha maji hapo kitandani. Dawa ya meno yenye floridi, asubuhi na kabla ya kulala, ukimaliza unatema tu, usisukutue sana, floridi ibaki ikafanye kazi.

Na usiseme ni meno yako peke yako. Bakteria hao humfikia mtoto kwa mate. Anayemtafunia mtoto chakula au kulamba kijiko chake kabla ya kumlisha anampa na bakteria. Meno ya kwanza hutokeza kwenye miezi 6 hivi, na tangu siku hiyo yasafishwe kwa dawa ya meno kiasi cha punje ya mchele.

Akina baba mnaosoma hapa, mnapopanga hela ya uzazi, mnakumbuka vitenge, supu na nauli ya mama mkwe. Wekeni na ya daktari wa meno, na iwepo tangu mimba, si siku shavu limevimba. Na usiku mpokee mtoto dakika chache, mama apige mswaki.