Re: Probox au Legacy kwa ajili ya kukimbia mafuriko?

Mkuu, umesema uko Rufiji, mko watu watano, na baada ya mafuriko ya 2024 unataka stesheni wagoni ya kuwatoa wote haraka. Mimi nachukua Toyota Probox. Subaru Legacy ni tamu zaidi barabarani, sikatai, ila spea za Probox zipo kila mahali na hata fundi wa chini ya mwembe anaijua. Ukipata inayovuta magurudumu yote manne, usiiache.

Kuinua gari, weka spesa (vipande vya kuongeza kimo juu ya shokapu na springi) za inchi moja tu. Ukizidisha, mipira ya ekseli za mbele inachanika mapema na gari linayumba kwenye kona likiwa na mzigo. Hela iliyobaki iende kwenye tairi za matope, shokapu mpya na bamba la chuma la kukinga injini. Kwenye keria pakia godoro na nguo, vizito vikae chini. Dumu la petroli lisikae ndani na watoto!

Ila hakuna fundi wa kuigeuza boti. Maji ya sentimita 30 yanayokwenda kasi yanaweza kusomba gari dogo. Ya sentimita 60 yanabeba karibu gari lolote. Injini ikivuta maji, rodi za pistoni zinapinda na safari imeishia hapo. Kwa hiyo masika yote tenki lisishuke chini ya nusu, na TMA (Mamlaka ya Hali ya Hewa) wakitoa tahadhari mnaondoka mchana, barabara ikiwa bado inaonekana.

Kwani njia yenu ya kutokea inapita kwenye daraja?