Tani za heroini zinazonaswa baharini ni kipimo cha nini?

SWALI: Tunasikia manowari za kigeni zinanasa unga kwa tani katika bahari yetu, lakini hapa Kisauni, Mombasa, kete za heroini zinauzwa kama kawaida. Mtu wa kawaida atajuaje kama juhudi hizi za kimataifa zinafaulu?

JIBU: Ndugu yangu, uzito wa mzigo ulionaswa ndicho kipimo kinachotangazwa zaidi, na ndicho dhaifu kuliko vyote. Tani zikiongezeka, huenda doria zimeimarika; huenda pia unga unaopita ndio umezidi.

Chukua Aprili 2014. Manowari ya Australia, HMAS Darwin, ilisimamisha jahazi yapata maili 27 za baharini kutoka Mombasa na kukuta kilo 1,032 za heroini zimefichwa kwenye mifuko ya saruji. Katika operesheni hizi unga huharibiwa baharini, na mabaharia kwa kawaida huachiwa na chombo chao. Kisa ni sheria. Kifungu cha 17 cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1988 kinataka idhini ya nchi yenye bendera ya chombo kabla ya kukipanda, na majahazi mengi yanayotoka pwani ya Makran, huko Iran na Pakistan, hayana bendera yoyote. Sheria ya bahari inaruhusu kuyapanda na kuyakagua, lakini haisemi bayana nani atawashtaki waliomo. Tajiri anapoteza mzigo tu. Biashara yake inabaki salama.

Kesi ya Baktash na Ibrahim Akasha, ndugu wawili wa Mombasa walioongoza biashara ya unga, ilikwenda mbali zaidi. Walikamatwa Nyali Novemba 2014 na kupelekwa Marekani Januari 2017. Baktash alihukumiwa miaka 25 mwaka 2019, Ibrahim miaka 23 mwaka 2020. Hapo waliguswa wakubwa wenyewe, ingawa inaniuma kwamba hukumu ilibidi itoke New York.

Vipimo ninavyoviamini mimi ni bei ya kete, ukali wake, na hali ya watumiaji. Mzigo ukinaswa na bei maskani isitikisike, ujue soko halikuhisi kitu. Na hata likihisi, usishangilie haraka. Mwisho wa 2010 na mwanzo wa 2011 unga uliadimika Pwani. Vijana walibanwa na arosto, yaani maumivu ya kukosa unga, na hakukuwa na methadoni, dawa inayotolewa badala ya heroini, ya kuwasaidia; mpango huo ulianza Kenya Desemba 2014. Uhaba bila tiba ni mateso, na mimi siwezi kuuita ushindi.

Ndiyo maana naifuatilia Afghanistan kwa wasiwasi. Taliban walipiga marufuku kilimo cha afyuni, malighafi ya heroini, Aprili 2022, na mashamba yakapungua kutoka hekta 233,000 hadi 10,800 mwaka 2023. Akiba ya zamani huchelewesha athari, lakini unga ukipungua wauzaji huongeza michanganyiko, na mtumiaji hajui tena anachojidunga.

Kwa hapo Kisauni, waulize wahudumu wa jamii wanaogawa sindano safi. Bei na ukali wa kete wanavijua wiki kwa wiki, na wanajua pia ni wangapi wanaotaka methadoni na bado hawajaipata.