Skrubu za mgongo: mliyouliza na msiyouliza

Dokta, kuna ile operesheni ya tundu dogo ya kuunganisha pingili za kiuno, nikifanyiwa narudi kazini baada ya siku ngapi?

Kila wiki tundu, tundu, tundu. Jamani, kilicho kidogo ni kidonda, operesheni yenyewe si ndogo. Kule ndani diski, yaani ule mto laini kati ya pingili, inatolewa, inawekwa keji (kikasha kidogo cha kushika nafasi yake) na vipande vya mfupa, skrubu zinafungwa pingili ya juu na ya chini, yaani kazi ni ileile ya kidonda kirefu, ila hapa daktari anapenya na bomba katikati ya misuli badala ya kuibandua kwenye mfupa. Ndo maana damu inapotea kidogo na wengi wanatoka hospitali mapema. Ukija kuwalinganisha baada ya mwaka au miwili lakini, wa tundu na wa kidonda kirefu wanakaribiana sana. Mfupa unachukua miezi 6 mpaka 12 kushikana, haujali ulichanwa wapi. Kazi ya mezani wengi ni wiki kadhaa, ya kubeba mizigo ni miezi, na aliyekupasua ndo wa kukuruhusu.

MRI imesema diski imechakaa na mgongo unauma, nikaombe hiyo ya tundu?

MRI haijasema upasuliwe. Wapige picha watu wa miaka 50 wasioumwa popote uone diski ngapi zimechakaa. Kuunganisha kunamfaa zaidi mtu ambaye pingili yake imeteleza mbele, au inacheza huku neva zimebanwa. Mgongo unauma tu basi? Mazoezi kwanza, tena kwa miezi, sio siku tatu halafu unaniambia yamegoma. Na daktari akikutajia skrubu kabla hata hajakupima nguvu za miguu, tafuta mwingine.

Skrubu zinatolewa lini?

Kwa kawaida hazitolewi.

Navuta sigara 2 tu kwa siku, kuna shida?

Ipo. Nikotini inabana mishipa ya damu, mfupa unakosa lishe, haushikani, skrubu zinalegea au zinakatika, unarudi kupasuliwa upya. Na veipu ina nikotini hiyohiyo, msinizunguke.

Nitaweza kuinama tena?

Utainama, nyonga ndo zinafanya kazi kubwa pale. Ikifungwa sehemu moja hutaona tofauti sana. Mimi naziwazia zaidi pingili jirani, maana zinabebeshwa mzigo wa mwenzao na miaka ikienda zinaweza kuchakaa nazo, mtu akajikuta anaulizia operesheni ya pili. Hamniulizi hili hata siku moja, mnauliza ukubwa wa kovu.

Tangu juzi huku chini kwenye makalio na sehemu za siri kumekufa ganzi na mkojo hautoki vizuri, nisubiri miadi yangu ya wiki ijayo?

Hapana! Nenda kitengo cha dharura sasa hivi, usiku huuhuu. Hizo ni neva za chini zimebanwa, na ukichelewa mkojo unaweza usirudi kawaida tena maisha yako yote. Swali kama hili msinitumie mimi, mtu anapanda gari kwanza.