Saa ya Mechi Imehama, Basi Limeshalipwa: Maswali ya Wasomaji

Mfuko wa barua wa dawati la michezo umejaa malalamiko ya aina moja kutoka Nyanda za Juu Kusini: mechi inapangwa saa hii, inasogezwa kwa ajili ya runinga, na shabiki wa mbali anabaki na tiketi, kianzio cha gari na ruhusa ya kazini ambayo haifai tena. Tumechagua maswali matano.

SWALI: Kwa nini mechi za ligi yetu zinatawanywa kuanzia Alhamisi hadi Jumatatu, tena kila moja na saa yake? (Msomaji, Soweto, Mbeya)

JIBU: Ndugu yetu, anza na hesabu. Ligi Kuu ya Tanzania Bara ina timu 16, kwa hiyo kila mzunguko una mechi 8. Mwaka 2021 kampuni ya runinga ya Azam iliingia mkataba wa miaka 10 wa haki za matangazo wenye thamani ya Sh bilioni 225.6. Aliyelipa fedha hizo anataka kila mechi itazamwe peke yake. Mechi mbili zikianza pamoja, moja inamla mwenzake watazamaji. Mechi 8 zisizogongana, kwa siku yenye nafasi mbili au tatu, zinahitaji siku tatu hadi nne.

Halafu kuna taa. Uwanja usio na taa za kutosha hauwezi kupewa nafasi ya usiku, hivyo unabaki na saa 8:00 mchana au saa 10:00 jioni. Hata hiyo saa 10:00 ni ya mwisho: mechi huchukua karibu saa mbili pamoja na mapumziko na dakika za nyongeza, na mwezi wa sita jua la Mbeya linazama kama saa 12:35. Nafasi za saa 1:00 na saa 3:00 usiku zinaangukia viwanja vyenye taa, na vingi viko mbali na kwenu.

La tatu ni viporo. Simba na Yanga wakiwa kwenye mashindano ya CAF (Shirikisho la Soka Afrika), mechi zao za ligi zinaahirishwa na kuja kuchomekwa katikati ya wiki. Kiporo kimoja huweza kusukuma mechi nyingine, na shabiki wa Mbeya aliyeomba ruhusa ya Jumamosi anaambiwa ni Jumatano.

Hatusemi runinga iondoke. Klabu za mikoani zinazitegemea fedha hizo hata kwa nauli zao wenyewe. Tunachokidai ni taarifa ya mapema, maana shabiki wa Kyela hawezi kupanga safari kwa notisi ya siku mbili.

SWALI: Shikamooni dawati. Mimi ni mhazini wa tawi la mashabiki hapa Iringa. Tulikodi kosta kwenda uwanja wa Chamazi, Dar es Salaam, kwa mechi ya Jumapili saa 10:00 jioni. Ijumaa ikatangazwa kuwa ni saa 3:00 usiku. Mwenye gari akataka nyongeza, watu sita wakajitoa na kudai fedha zao. Tufanyeje isijirudie?

JIBU: Marahaba, mhazini. Hapa tutakaa kidogo, kwa sababu wengi wameuliza hilihili.

Tazama kwanza ratiba yenyewe ilivyobadilika. Iringa hadi Dar es Salaam ni kilomita 500 hivi, na kosta yenye vituo vya kula na kujisaidia hutumia saa 9 hadi 10. Mechi ya saa 10:00 inaisha kabla ya saa 12:00. Mkihesabiana na kuondoka saa 12:30, mko Iringa saa 10:00 alfajiri: mtu anaoga, anakwenda kazini. Mechi ya saa 3:00 usiku inaisha karibu saa 5:00, mnatoka Chamazi saa 5:30, na mnafika Jumatatu kati ya saa 2:30 na saa 3:30 asubuhi. Mwalimu na mwenye duka wamepoteza siku nzima. Ndiyo sababu wale sita walijitoa, na tusiwalaumu.

Sasa fedha. Tuseme gari ni Sh 1,400,000 na watu ni 28: kila mmoja Sh 50,000. Wakitoka sita, waliobaki 22 wanadaiwa Sh 63,600 na ushee. Tawi linaanza kugombana hapo. Dawa ni mbili. Ya kwanza, kila anayejiandikisha aweke akiba ya Sh 10,000 juu ya nauli, irudishwe mkifika salama bila mabadiliko. Ya pili, orodha ya akiba ya watu watano hadi wanane ambao hawajalipa ila wako tayari. Anayejitoa anarudishiwa fedha pale tu nafasi yake inapopata mtu. Liandikeni kwenye daftari na kila mmoja aweke saini kabla ya safari, maana ugomvi ukishaanza hakuna atakayekubali sharti jipya.

Kwa mwenye gari, kosa kubwa ni kukodi *tarehe*. Kodini *mechi*. Andikeni hivi: "Gari limekodiwa kwa mechi kati ya timu hii na ile, nenda-rudi, siku na saa itakayochezwa. Mechi ikihamishwa siku, kianzio kinahamia siku mpya. Ikisogezwa saa, nyongeza ya kusubiri ni Sh kadhaa kwa kila saa ya kusubiri inayozidi nne za kwanza." Kiasi mkipatane mkiwa bado mnanunua, kwa sababu Ijumaa jioni mwenye gari ndiye mwenye nguvu. Kianzio kisizidi theluthi moja, na kilichobaki kilipwe gari likiwa limewasha taa za kuondoka. Kumbukeni pia kibali cha LATRA (mamlaka ya usafiri wa ardhini) cha kutoka nje ya njia ya kawaida: kikiandikwa tarehe ya Jumapili na mechi ikahamia Jumatatu, lazima kibadilishwe, vinginevyo trafiki wa kwanza anawashusha.

Jambo linalotutia hofu kuliko fedha ni dereva. Matawi mengi humnunulia tiketi kama shukrani, naye anashangilia na ninyi hadi saa 5:00 usiku, kisha anakamata usukani. Mtu huyo ameendesha usiku kucha kuja, na anaanza kilomita 500 nyingine. Sheria inataka madereva wawili kwa safari inayozidi saa 8. Wachukueni wawili kweli, si kondakta aliyepewa cheo njiani. Wakodieni chumba cha gesti kuanzia saa 3:00 asubuhi hadi saa 10:00 jioni, wapeni chakula, na anayeanza kuendesha asikanyage uwanjani.

Kuna tofauti ya barabara pia. Mkitoka Chamazi saa 5:30 usiku, mnaingia hifadhi ya Mikumi karibu na alfajiri, kilomita 50 ambazo tembo na nyati huvuka bila kuangalia taa za gari. Kumgonga mnyama kuna faini kulingana na aina yake. Mlima wa Kitonga mnaupanda asubuhi, malori yakiwa kwenye foleni. Mkiona matawi mabichi yamepangwa lamini, lori limekwama kwenye kona inayofuata. Punguzeni mwendo palepale, msisubiri kuliona.

SWALI: Natoka Tukuyu, timu yangu inacheza uwanja wa Sokoine, Mbeya mjini. Mbona mnaongelea mashabiki wa ugenini tu? (Mama wa watoto wawili, Tukuyu)

JIBU: Mama, una haki kabisa. Shabiki wa Tukuyu, Kyela au Mbarali husafiri hata timu ikiwa nyumbani. Msimu wa 2024/25 Ken Gold ya Chunya ilitumia Sokoine, na mashabiki wake walisafiri kilomita 70 za milima na ukungu kwenda "nyumbani".

Tukuyu ni kilomita 70 hivi kutoka mjini. Mechi ya saa 10:00 jioni ikiisha kama saa 11:55, una nusu saa ya kutoka Sokoine na kufika njiapanda ya Uyole kabla gari hazijapungua. Ukiwa na watoto, kaa karibu na mlango na toka dakika ya 85, au zungumza mapema na dereva mmoja awasubiri abiria kumi wa uhakika. Kuanzia Novemba hadi Aprili mvua hunyesha mchana na jioni, na mechi iliyokatishwa na maji huweza kumaliziwa siku inayofuata. Beba nauli ya ziada na masweta. Mwezi wa sita na wa saba hata bila mvua, baridi ya Mbeya inawasubiri watoto kuanzia saa 11:00.

SWALI: Ratiba moja iliandika 16:00, bango likaandika saa 10:00, mwenzangu akafika saa 12 jioni mechi imeisha. Tuamini ipi? (Msomaji, Makambako)

JIBU: Zote mbili zilikuwa sahihi. Ratiba rasmi huhesabu kuanzia usiku wa manane: toa 6 upate saa yetu, na jibu likizidi 12, toa 12 tena. 16:00 ni saa 10:00 jioni, 19:00 ni saa 1:00 usiku, 21:00 ni saa 3:00 usiku. Thibitisha mara mbili, siku tatu kabla na asubuhi ya safari, kwenye kurasa za Bodi ya Ligi na klabu mwenyeji. Picha inayozunguka kwenye makundi ya simu bila tarehe ya kutolewa, iache.

SWALI: Ulaya mashabiki wanavumilia haya? (Mwanafunzi, Iringa)

JIBU: Wanapigana nayo. Ligi kuu ya Ujerumani ilianzishiwa mechi za Jumatatu usiku msimu wa 2017/18. Mashabiki walipinga viwanjani, wakarusha hadi mipira ya tenisi, na kuanzia 2021/22 mechi hizo zikaondolewa. Uingereza, klabu za Ligi Kuu zilikubaliana tangu 2016/17 kwamba tiketi ya shabiki mgeni isizidi pauni 30. Ratiba haikurekebishwa, lakini angalau mzigo ulipungua. Tawi lenu linaweza kuanza na dogo zaidi: barua ya ukurasa mmoja kwa klabu yenu, yenye tarehe mechi ilipotangazwa, tarehe ilipohamishwa, watu waliolipa na fedha zilizopotea. Klabu ndiyo yenye sauti mbele ya Bodi, na ikienda na mafaili ya matawi manne ya kusini itakuwa na cha kuonyesha.