Redio haina mstari wa juu: majibu ya maswali yenu

Wiki hii mmeniuliza redio tupu. Nimezunguka na kinasa sauti hapa Mwanza miaka mingi kabla ya kuhamia kwenye kalamu, kwa hiyo mmenigusa penyewe.

Mimi mvuvi wa dagaa, Igombe. Mbona redio inashika vizuri ziwani, nikirudi nyumbani inakwaruza?

Mawimbi ya FM huenda karibu kama jicho linavyoona: moja kwa moja, na yakikutana na mlima yanafifia. Ziwani hakuna mlima. Nyumbani huenda kuna jabali kati yako na mnara, na mawe Mwanza hatujapungukiwa. Kama unasikilizia redio ya simu, waya wa hedifoni ndiyo antena. Usiukunje mfukoni. Bando halihitajiki.

Nasoma uandishi wa habari, Nyegezi. Mwalimu ananikata maksi kila nikiweka takwimu kamili kwenye habari ya redio. Kosa langu nini?

Mwalimu wako yuko sahihi. Msomaji wa gazeti akipotea anarudi mstari wa juu. Redio haina mstari wa juu. Anayekusikiliza ni mama wa soko la samaki la Mwaloni Kirumba, anapepeta dagaa huku anabishana bei na mteja. Umepewa sikio moja tu. Ukimtajia bilioni tatu, milioni mia nne themanini na saba na laki sita, hadi umalize mwanzo umeshamtoka. Sema "karibu bilioni tatu na nusu". Cheo kitangulie jina, maana jina geni likija kwanza linapita kabla sikio halijakaa sawa. Kisha jisomee kwa sauti: ukikata pumzi katikati, sentensi ni ndefu.

Redio ina haraka. Si ndiyo inayokosea zaidi?

Kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na kisiwa cha Ukara, Ziwa Victoria, 20 Septemba 2018, idadi ya waliofariki ilizidi kupanda hadi ikapita 200. Gazeti la asubuhi mchana lilishapitwa. Redio iliweza kusahihisha kila taarifa ya habari. Ila aliyesikia ya saa nne asubuhi kisha akazima redio, masahihisho ya saa saba hayakumkuta. Yeye ataendelea kusimulia ile ya kwanza. Ndiyo maana mtangazaji ataje saa na chanzo: hadi saa hii, kwa mujibu wa fulani. Wengi wanaliruka hili, na linanikera.

Makelele kwenye ripoti ni ya nini?

Ndiyo picha yetu. Injini ya mtumbwi ikizimwa, ndoo zikigongana, msikilizaji ameshafika mwaloni kabla hujasema neno. Lakini maikrofoni haichagui. Niliwahi kumhoji mwanikaji dagaa, maneno yake moto kweli, nami nimesahau sponji ya maikrofoni. Nikarudi studio na dakika 12 za upepo wa ziwa. Kesho yake nikamfuata tena. Akacheka, akakataa kurudia.

"Jana nilikuwa na hasira," akasema. "Leo nimeuza."